Jumla hailingani na mistari yake: niamini ripoti ya zamani au mpya?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Nimekuwa nikitengeneza ripoti za kampuni kwa Crystal Reports kwa muda mrefu: mauzo ya mwezi, taarifa za madeni za kila mteja, ankara. Sasa uongozi umenunua Power BI, programu ya Microsoft ya ripoti za kwenye skrini. Mkuu wetu wa fedha alionyeshwa vipengele vipya akavutiwa sana, na anataka ripoti zote zihamie huko kabla ya kufunga mwaka, ziwe dashibodi, na maelezo yake yaandikwe na akili mnemba. Nimeanza na ripoti ya mauzo na tayari nimekwama. Idadi ya wateja kwenye mstari wa jumla hailingani na ninayoipata nikijumlisha matawi mwenyewe. Asilimia ya faida imeshuka kuliko ya ripoti ya zamani, ilhali data ni zile zile. Nikiitoa kwa PDF, jedwali lililokuwa na kurasa kadhaa linatoka ukurasa mmoja, na mistari mingine haimo. Wenzangu wanasema programu mpya ina hitilafu. Mkuu anahisi nimekosea mimi. Ukurasa wenye kamisheni za wauzaji nimeuficha ili kila mtu asiuone. Je, nirudi nilikotoka? Na huu ujuzi wangu wa miaka yote umeshapitwa na wakati?"*

Salama, ndugu yangu. Naielewa hofu yako: umekabidhiwa chombo kipya, tarehe ya mwisho imeshatajwa, na namba za kwanza ulizotoa zimezua maneno. Nianze na la haraka. Kwa ulivyoeleza, sioni hitilafu ya programu, wala sioni kwamba umeharibu kitu. Ninachokiona ni hesabu iliyohama mahali. Kwenye Crystal ulizoea hesabu ifanyike ndani ya ripoti yenyewe, mistari inaposomwa na inapochapwa; ndiyo maana umeandika WhileReadingRecords na WhilePrintingRecords mara nyingi maishani. Kwenye Power BI hesabu inakaa katika modeli ya data, yaani meza, miunganisho yake na fomula zilizo nyuma ya ripoti, na kila kisanduku cha jedwali kinahesabiwa upya peke yake. Hapo ndipo idadi ya wateja na asilimia ya faida zilipokuponyoka. Suala la PDF na la ukurasa uliofichwa yana sababu zake nyingine, na hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Tuchukue idadi ya wateja. Tuseme tawi A lilikuwa na wateja 120 mwezi huu na tawi B 90. Wewe ukijumlisha kwa kikokotoo unapata 210. Ripoti mpya inakuambia 180. Hakuna wateja 30 waliopotea. Hao 30 walinunua kwenye matawi yote mawili. Katika mstari wa tawi A programu inahesabu wateja wa A, katika mstari wa B inahesabu wa B, na ikifika kwenye jumla haichukui 120 ikaongeza 90. Inaondoa kichujio cha tawi na kuanza upya: wateja wote, kila mmoja mara moja. Mstari wa jumla, kwa Power BI, ni fomula ileile iliyoulizwa swali pana zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza namba ipi ni sahihi, muulize mkuu wako anataka kujua nini. Akitaka kujua ni watu wangapi walionunua kwetu mwezi huu, jibu ni 180. Akitaka kujua kila tawi lilikuwa na wanunuzi wangapi, kisha ajumlishe ili kuona ukubwa wa kazi ya matawi, 210 ina maana yake, ila isiitwe idadi ya wateja. Na usiisingizie Crystal. Hata kule, ukitumia DistinctCount, inayohesabu kila mteja mara moja, kwenye jumla kuu, utapata 180. Ripoti yako ikiwa ilikuwa inatoa 210, basi kuna mtu, pengine aliyekutangulia, aliweka fomula inayobeba hesabu ya kila kundi na kuiongeza kwenye inayofuata hadi mwisho. Ifungue uitazame. Mara nyingi fomula hiyo imejificha kwenye sehemu ya chini ya kundi ambako hakuna anayeangalia.

Asilimia ya faida ni suala zito zaidi, maana hapa kuna uwezekano mkubwa kwamba ya zamani ndiyo iliyokuwa na kasoro. Tawi A limeuza 1,000 likapata faida ya 100, yaani asilimia 10. Tawi B limeuza 200 likapata 60, asilimia 30. Ukichukua wastani wa 10 na 30 unapata 20, na inapendeza macho. Lakini kampuni nzima imeuza 1,200 na kupata 160, ambayo ni asilimia 13.3. Tawi dogo lenye faida nono limepewa sauti sawa na tawi kubwa. Kwenye Crystal kosa hili ni jepesi mno kutokea: unatengeneza fomula ya asilimia kwa kila mstari, halafu unaweka muhtasari wa wastani juu yake, na programu inatii bila kuuliza. Ukiandika kipimo, yaani fomula inayokaa kwenye modeli, kwenye Power BI kwa DIVIDE(SUM(Mauzo[Faida]), SUM(Mauzo[Kiasi])), kila ngazi inagawanya jumla kwa jumla, na wastani wa wastani haupati pa kuingilia.

Ukishathibitisha kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa, nenda ukamwambie mkuu wa fedha kabla hajaigundua mwenyewe kikaoni. Mpelekee karatasi moja yenye matawi mawili, hesabu zote mbili na fomula zote mbili. Usiende na maneno "programu imebadilisha namba", kwa sababu haikubadilisha. Na usikubali ushauri, utakaoupata tu, wa kuilazimisha ripoti mpya itoe namba ya zamani ili watu watulie. Namba yenye kasoro ikishahamishiwa kwenye modeli inayotumiwa na ripoti kumi, umeizidisha mara kumi.

Kuna vyanzo vingine vya tofauti ambavyo ningevikagua kabla ya kufunga mjadala. Kwenye Crystal, mstari uliofichwa kwa amri ya Suppress hauonekani lakini bado unaingia kwenye muhtasari. Wakati wa kuhamisha, wengi wanaugeuza mstari huo kuwa kichujio, na kichujio huutoa kabisa. Kingine ni namna meza za hifadhidata zilivyounganishwa: ankara yenye bidhaa tano, ikiunganishwa na meza ya bidhaa, inarudia kiasi cha ankara mara tano, na mtu akikijumlisha anapata mara tano ya ukweli. Mwisho kabisa, saa. Power BI katika hali ya kawaida hufanya kazi na nakala ya data iliyochukuliwa mara ya mwisho ilipoburudishwa, na kwa leseni ya Pro ratiba inaruhusu hadi mara 8 kwa siku. Crystal yako huenda inasoma hifadhidata palepale unapobofya. Ukilinganisha ya saa nne asubuhi na ya saa tisa alasiri, utatafuta kosa ambalo halipo.

Sasa PDF. Hapa ndipo lile agizo la "ripoti zote ziwe dashibodi" linapogonga ukuta, na ni vizuri ligonge mapema. Ukurasa wa kawaida wa Power BI umechorwa kwa ajili ya skrini: turubai, yaani eneo la kuchorea, ya pikseli 1280 kwa 720, yenye jedwali unaloliteremsha kwa kidole au kipanya. Ukiitoa kwa PDF, inatoa kile kinachoonekana kwenye turubai. Mistari iliyo chini ya jedwali, ile ambayo ungeiona kwa kuteremsha, haiwezi kuingia, kwa sababu turubai haijui kitu kinachoitwa ukurasa wa pili. Hujakosea mpangilio wowote. Umeiagiza skrini ifanye kazi ya karatasi.

Kazi hiyo ina chombo chake ndani ya familia ileile: ripoti zenye kurasa, zinazotengenezwa kwa Power BI Report Builder na kuhifadhiwa kama faili za RDL. Ukoo wake ni SQL Server Reporting Services, programu ya ripoti ya Microsoft iliyotoka mwaka 2004, na ukiifungua utajisikia uko nyumbani: kuna makundi, vichwa vya kurasa, amri za kuvunja ukurasa, na uwezo wa kutoa taarifa ya deni ya kila mteja kwa mpangilio usioyumba. Seva yenyewe ya Reporting Services iliishia toleo la 2022. Kuanzia SQL Server 2025, anayetaka kuweka ripoti kwenye seva yake mwenyewe anaelekezwa kwenye Power BI Report Server. Faili za RDL zinaendelea kutumika huko.

Nikuonye mapema kuhusu mambo mawili yatakayokuchosha siku ya kwanza. Kurasa tupu: utachapa taarifa ya kurasa sita upate kumi na mbili, kila ya pili ikiwa nyeupe. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Ukiweka pambizo ya sentimita 2 kila upande, mwili wa ripoti haupaswi kuzidi 17. Ukizidi hata kwa milimita chache, kile kilichozidi kinahamia ukurasa unaofuata, na kwa kuwa hakuna kitu pale, unaona weupe. Kupunguza jedwali peke yake hakutoshi. Vuta na ukingo wa mwili. La pili ni vichwa vya safu visivyojirudia kwenye kurasa zinazofuata. Kuna kisanduku kwenye sifa za jedwali kinachoonekana kama ndicho jibu, na mara nyingi hakifanyi kitu. Nenda kwenye kidirisha cha makundi, washa hali ya juu (Advanced Mode), chagua mstari tuli (Static) wa kwanza kabisa, kisha uweke RepeatOnNewPage iwe True na KeepWithGroup iwe After. Kwa nini wamelificha hivyo, sijaelewa hadi leo.

Kwa hiyo ankara na taarifa za madeni usizigeuze dashibodi, hata mkuu akisisitiza. Ziache Crystal kwa sasa, au zihamishie kwenye ripoti zenye kurasa kama kampuni inataka kuachana na leseni mbili. Ripoti ya mauzo ndiyo inayostahili skrini, kwa sababu anayeisoma huwa na swali la pili: "na tawi hili je?", "na mwaka jana?" Mteja anayedaiwa hana haja ya kubofya chochote. Anataka karatasi inayosema anadaiwa kiasi gani na tangu lini.

Vipengele vipya alivyovipenda mkuu wako si upuuzi, ila si vyote vina faida kwako. Ninachokithamini kuliko vyote hakionekani kwenye maonyesho ya wauzaji. Tangu 2023 unaweza kuhifadhi kazi yako kama mradi, yaani folda ya faili za maandishi, badala ya faili moja la PBIX, faili la kawaida la Power BI, lisilosomeka. Modeli inaandikwa kwa maandishi, ripoti kwa maandishi. Maana yake mtu akibadilisha fomula ya faida usiku, asubuhi unaweza kulinganisha matoleo mawili na kuona mstari uliobadilika. Kwa mtengeneza ripoti ambaye amewahi kuulizwa "nani amegusa hii?", hicho peke yake kinatosha kumhamisha. Hesabu za ndani ya kielelezo, yaani zinazoandikwa ndani ya chati au jedwali lenyewe, zilizotangazwa 2024, nazo zitakuvutia kwa kuwa zinahesabu juu ya kile kilichopo kwenye jedwali, kama ulivyozoea: jumla inayoendelea, tofauti na mstari uliotangulia. Zitumie, ila ujue haziwezi kuitwa na jedwali jingine. Kinachohitajika mara mbili kiandike kwenye modeli. Mandhari ya rangi za kampuni ni jambo la saa moja, limalize upite. Ukiwa hapo, usitenganishe hasara na faida kwa nyekundu na kijani peke yake, kwa kuwa takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, na kwenye kikao cha wakurugenzi hatakuambia.

Wanaosoma hapa na wanatumia JasperReports, programu nyingine ya ripoti, wajue kwamba toleo la 7, la mwaka 2024, halisomi moja kwa moja faili za JRXML, zinazobeba muundo wa ripoti, za matoleo ya nyuma. Zinabadilishwa kwanza ndani ya Jaspersoft Studio. Toleo jipya la programu yoyote ya ripoti lijaribiwe kwenye nakala, kamwe lisijaribiwe kwenye faili zinazotumika mwisho wa mwezi.

Akili mnemba sasa. Watu wengi wanadhani inaitazama chati na kuielewa. Kinachotokea ni kwamba swali lako la kawaida linageuzwa kuwa fomula inayopelekwa kwenye modeli, modeli inarudisha namba, halafu maneno yanatungwa kuzunguka namba hizo. Katika kugeuza, inategemea majina uliyoyaweka. Kama una safu tatu zinazoitwa Kiasi, Kiasi2 na Kiasi_mpya, itachagua mojawapo na kukujibu kwa sauti ileile ya kujiamini. Ichukulie kama karani mpya mwenye mwandiko mzuri ambaye hajawahi kukutana na wateja wako: mpe kazi ya rasimu, usimpe mhuri. Inaweza kusema mauzo ya tawi B yameshuka kwa asilimia fulani, na hilo utalikagua kwa dakika moja. Ikianza kusema *kwa nini* yameshuka, simama. Sababu ya kushuka, kwamba tawi lilifungwa wiki moja kwa ukarabati, haimo kwenye hifadhidata, na kisichomo kitabuniwa. Kabla ya kuiwasha, safisha majina ya safu, ficha zisizotumika, na andika maelezo mafupi kwenye kila kipimo. Kazi hiyo itawafaa hata wanadamu.

Nimefika kwenye ule ukurasa wa kamisheni. Ndugu yangu, kuficha ukurasa si ulinzi. Kunaondoa kitufe tu. Data bado zimo kwenye modeli. Mwenye ruhusa ya kujenga juu ya modeli hiyo anaweza kuifungua kwa Excel na kuiburuta safu ya kamisheni bila hata kuugusa ukurasa wako. Na ukimtumia mtu faili la PBIX lenye data zilizoingizwa ndani, umempa data zote, zilizofichwa na zisizofichwa. Ulinzi wa mistari, unaoamua nani aone mistari ipi ya data, upo na unafanya kazi vizuri, lakini unawabana watazamaji tu. Aliyepewa nafasi ya kuhariri kwenye eneo la kazi la pamoja haubanwi nao, na hapo ndipo kampuni nyingi huvuja, kwa sababu kila meneja alipewa nafasi hiyo "ili asisumbuke". Leo hii, kabla ya jingine lolote, toa jedwali la kamisheni kwenye modeli hiyo, liweke kwenye modeli yake na eneo lake lenye watu wachache. Kwa hili usitegemee majibu ya kusoma kama haya yangu. Kaa na msimamizi wa mifumo wa kampuni, mpitie orodha ya majina mmoja mmoja, na mjaribu kuifungua ripoti kwa akaunti ya mtu asiyestahili kuiona.

Utahitaji mtu wa kukaa naye ana kwa ana mahali pengine pawili pia. Kama namba hizi zinaingia kwenye hesabu za kodi, za wakaguzi au za benki iliyowakopesha, badiliko la asilimia ya faida lazima lipitie kwa mhasibu wenu kabla halijachapishwa, hata kama una hakika kwamba ya sasa ndiyo sahihi. Na kama umekagua wateja waliojirudia, mistari iliyofichwa, miunganisho na saa, na bado tofauti imebaki ambayo huwezi kuieleza, mlete anayeifahamu hifadhidata yenyewe. Tofauti ndogo isiyoelezeka huwa naiogopa kuliko kubwa, kwa kuwa kubwa kila mtu anaitafuta.

Kuhusu kufunga mwaka: usihamishe zote. Mwambie mkuu kwamba ripoti ya mauzo itatoka kwa programu zote mbili sambamba, mwisho wa mwezi kwa mwisho wa mwezi, na ya zamani itazimwa pale tu kila tofauti itakapokuwa imeandikwa na kusainiwa naye. Akiuliza itachukua muda gani, jibu la kweli ni angalau mpaka mpitie mwezi wenye bidhaa zilizorudishwa na wenye masahihisho ya ankara, kwa sababu miezi mitulivu haifichui kitu.

Na ujuzi wako? Umetumia miaka ukijifunza mteja gani ana namba mbili kwenye mfumo, ankara zipi hufutwa kimyakimya, na tawi lipi huchelewa kuingiza mauzo. Hayo Power BI haiyajui, na mtu aliyesomea vipengele vyote vipya atakuja kukuuliza wewe. Unachohitaji kujifunza kwa dhati ni namna kichujio kinavyobadilisha fomula kutoka kisanduku hadi kisanduku. Anza na jedwali la matawi mawili kama lile langu, data za kuandika kwa mkono, mistari isiyozidi kumi, na ukibishie kila kisanduku hadi ujue kwa nini kinasema kinachosema. Ukikwama, nitumie fomula ya zamani na mpya pamoja na mistari hiyo michache, majina ya wateja yakiwa yamebadilishwa.